Madoa kwenye Okidi ya Mounira

Okidi ile Mounira aliikuta kwenye mti ulioangushwa. Wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila walikuwa wanapanua shimo, na mti mkubwa ulikuwa umesimama mahali walipotaka kupita, wakaukata. Matawi yake yalilala juu ya udongo mwekundu, majani yameshaanza kunyauka. Mounira alikuwa anatoka kufua mtoni, beseni kichwani. Kwenye tawi moja akaona mmea mdogo wenye majani manene, marefu, yaliyojipanga huku na huku, na mizizi myeupe iliyolikumbatia gome kana kwamba haijui kuwa mti umekufa. Akatua beseni, akaazima kisu kwa mchimbaji mmoja, akaubandua mmea pamoja na kipande cha gome, akaufunga ndani ya kanga iliyolowa.

Mounira ni mtoto wa mji wa Kasongo, wa nyumba ya wauza vitambaa walio jirani na msikiti. Aliletwa Salamabila na ndoa. Mume wake, Iliasi, naye ni mtu wa Kasongo, lakini alishakaa miaka mingi kwenye machimbo, akinunua dhahabu kwa wachimbaji na kwenda kuiuza kwa wakubwa zaidi yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache. Wachimbaji walipenda mzani wake kwa sababu hakuugusa kwa kidole, na kwa sababu aliwaruhusu wainamishe vichwa watazame wenyewe.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali na mabati. Mbele sebule ya wageni, kati chumba cha kulala, nyuma chumba kidogo chenye mlango wa mbao na dirisha lililozibwa. Humo Iliasi alichoma dhahabu. Wachimbaji huchanganya mchanga wao na zebaki, ambayo kule wanaiita merkiri, ikakamata chembe zote za dhahabu na kuwa kidonge cha kijivu. Iliasi aliweka kile kidonge kwenye kisahani cha chuma juu ya mbabula, jiko la makaa, akapuliza, mpaka merkiri ikaondoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki, ya njano, hafifu. Hakuichomea uani kwa sababu pale Salamabila mtu akionekana anachoma, kabla jua halijazama watu wenye bunduki wameshajua nyumba yake.

Okidi Mounira aliipanda kwenye galoni la mafuta lililokatwa, akaijazia makaa yaliyopondwa na vipande vya gome, akaiweka sebuleni kwenye meza ndogo, kati ya dirisha na mlango wa kwenda ndani. Hakutumia udongo, alikuwa ameuona mti ilikotoka, akajua kwamba mmea ule haukuzoea kuzikwa miguu. Miezi ikapita. Kisha ikatoa maua, meupe kama maziwa, kila moja na mkia mwembamba mrefu, na jua lilipoanza kushuka yakatoa harufu iliyojaa sebule yote. Iliasi aliacha kukaa barazani. Alihamishia kiti chake karibu na meza, akampakata binti yao Hawa, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, akamwambia, "Nusa, mama. Nusa polepole."

Doa la kwanza lilitokea baada ya maua kuanguka. Lilikuwa juu ya jani la upande wa ndani, dogo, la rangi ya majivu, kisha likawa la kahawia na kukauka katikati. Mounira akadhani ni jua. Akasogeza galoni mbali na dirisha. Baada ya muda madoa mengine yakatokea, na ncha za majani zikaanza kuungua, kahawia, kavu kama karatasi iliyokaribia moto.

Jirani yake Léocadie, mwanamke wa kutoka upande wa Bukavu aliyepikia wachimbaji wali na maharage, alikuja akatazama, mikono kiunoni.

"Unaipatia maji mingi, Mama Hawa. Maua inazama."

"Apana. Nangojea mizizi inakuwa nyeupe ndipo nainywesha."

"Basi iko watu wanaitazama na roho mubaya."

Walicheka. Mounira akainua mmea kutoka galoni, akaipapasa mizizi mmoja mmoja. Ilikuwa migumu, imejaa. Hakuna uliooza. Akabonyeza madoa kwa kidole, hayakuwa na maji, akanusa, hayakunuka. Akaurudisha.

Siku hizo hizo Hawa akaanza kubadilika. Aliyekuwa akikimbia akataka kubebwa. Viganja vyake na nyayo zake vikawa vyekundu, kama vimetiwa kwenye maji ya moto, na ngozi ikawa inabambuka. Alitoka jasho hata kwenye ubaridi wa asubuhi, akafumba macho na kulia akipelekwa kwenye mwanga, na chakula akakisukuma. Muuguzi wa kituo cha afya akampa dawa ya malaria, kisha ya minyoo, kisha tena ya malaria. Mounira akampeleka Kasongo kwa mama yake kwa ajili ya sikukuu ya Idi, wakakaa huko mpaka mfungo ukasahaulika. Mtoto akala. Akasimama. Bibi yake akasema ni maji ya nyumbani, na uji wa mikono ya bibi. Waliporudi Salamabila, haukupita muda, viganja vikawa vyekundu tena.

Na Iliasi naye hakuwa yule. Mikono yake ilitetemeka. Mwanzo kidogo tu, alipoinua kikombe. Baadaye hata alipokunja mkeka wa swala. Fizi zilimtoka damu, mate yakamjaa kinywani, akalalamika kuwa kila chakula kina ladha ya msumari. Yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti akawa anafoka kwa sababu ya mlango uliogongwa, kisha anakaa pembeni analia kwa aibu. Mezani pale kwenye mzani, vidole vyake viligusa sahani bila yeye kutaka, na wachimbaji wakaanza kunong'ona. Wengine walisema anakunywa. Wengine walisema mnunuzi mwenzake amemfanyia kitu. Mganga mmoja aliitwa, akamchanja viwiko na kupaka dawa nyeusi. Mikono haikutulia.

Katika hali hiyo Hippolyte alifika. Alikuwa bwana shamba kutoka Kabambare, mtu aliyesoma na kaka yake Mounira shule moja Kasongo, na alikuja na pikipiki kuangalia ugonjwa wa mihogo. Alipoona ile okidi hakungoja hata kukaribishwa kiti.

"Mama, hii uliitoa wapi? Hii ni orkide. Wazungu wanazifunga ndani ya vyumba vya vioo."

"Iko inakufa, Agronomu. Nimeshindwa kujua inakufa na nini."

Hippolyte alipenda kuulizwa. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akapiga magoti, na Mounira akapiga magoti upande wa pili.

"Tuanze na jua," akasema. "Jua ikichoma, inachoma pale inapopiga tu, na kidonda inabaki palepale. Haitembei. Hii yako inatembea?"

"Inatembea. Na nimeitoa kwenye dirisha zamani."

"Bon. Kuoza kwa maji inakuwa laini, inanuka kama samaki. Hii ni kavu. Ule ugonjwa wa kuvu, mara nyingi doa inazungukwa na duara ya njano." Akageuza jani. "Duara siioni. Sasa wadudu." Akapitisha kitambaa cheupe chini ya majani, akakitazama, akakikuta safi. Hapakuwa na magamba, wala utando, wala weupe wa unga kwenye makwapa ya majani. Akajikuna kidevu. "Kata jani lililoumia sana. Kisu uipitishe kwanza kwenye moto, na kidonda uiache ikauke, usiimwagie maji. Kisha uihamishe nyumba. Mupe mutu mwingine aitunze kidogo. Ikiendelea kuumwa huko, ugonjwa iko ndani yake. Ikipona, ugonjwa iko hapa."

Mounira akafanya hivyo. Akakata, akaacha kidonda kikauke, akampelekea Léocadie galoni lake. Léocadie akaiweka chini ya ukingo wa paa, karibu na masufuria yake, kwenye moshi wa kuni wa kutwa nzima, na kila siku akasema itamfia mikononi.

Haikufa. Jani jipya lilitoka katikati, la kijani kibichi, likarefuka, likawa na urefu wa kiganja, bila doa. Mounira alikuja kulitazama kila alipopata nafasi. Léocadie alikuwa anajisifu.

"Unaona? Mimi niko na mukono muzuri. Hata watoto ya watu wananona kwangu."

Alisema tu, kama anavyosema mtu anayekoroga maharage. Lakini Mounira, aliyekuwa amembeba Hawa mgongoni kwa kuwa mtoto alikuwa hataki tena kusimama, alilitazama lile jani, kisha akageuza shingo kumtazama mtoto. Akakaa kwenye kigoda cha Léocadie. Mmea umepona ulipotoka ndani ya nyumba. Mtoto alipona alipotoka ndani ya nyumba. Mmea ulikaa mbele ya mlango wa kwenda ndani, na jani lililoanza kuungua lilikuwa la upande ule. Mtoto alilala chumba cha kati, kitanda chake kimeegemea ukuta wa chumba cha nyuma.

"Uko na nini, Mama Hawa?" Léocadie akamwuliza. "Umekuwa mweupe."

"Nishikie mutoto," akasema. "Usimupe mutu. Hata baba yake akimuita, sema analala."

Hippolyte alikuwa amerudi Salamabila kuitazama tena mihogo. Mounira alimkuta barabarani, pikipiki yake ikitengenezwa gurudumu. Akamwomba aje nyumbani wakati Iliasi yuko msikitini kwa swala ya alasiri. Wakafungua mlango wa mbao. Kilikuwa chumba cha kawaida kabisa: mbabula, kisahani, kibao cha kukalia. Hippolyte akawasha taa ya simu yake, akainama. Katika nyufa za sakafu, pale saruji ilipopasuka, kulikuwa na vishanga vya fedha, vidogo mno, vinavyong'aa. Alipogusa ufa kwa kijiti, vikakimbia, vikaungana, vikatawanyika tena.

Akasimama haraka, akamvuta Mounira nje kwa mkono wa nguo.

"Mama, nilikuuliza habari ya jua na maji na wadudu. Sikuuliza kama kunachomwa nini. Moshi ya merkiri inaua majani, ile tulifundishwa. Mimi si munganga. Lakini kama inafanya vile kwa jani..." Akauliza, polepole, "Mikono ya Iliasi inatetemeka toka lini?"

Mounira aliufunga ule mlango wa mbao. Alikuwa anawaza mimba aliyoipoteza mwaka uliotangulia, iliyotoka bila kuanguka, bila homa, bila sababu. Hajui mpaka leo kama nayo ni ya chumba kile. Hakuna mtu anayeweza kumwambia.

Muuguzi, alipoelezwa habari ya merkiri, aliitazama mikono ya Hawa upya, kisha akasema kwamba dawa ya kumtoa sumu pale hana, na hajui kama hata Kasongo ipo. Akasema jambo moja tu analoweza kulisema kwa uhakika: mtoto asirudi kulala ndani ya nyumba ile.

Jioni ile Mounira alimngoja mume wake barazani. Akamwambia yote, kuanzia jani hadi viganja vya mtoto. Iliasi alimsikiliza, mikono ameikalia ili isionekane.

"Nimechoma merkiri toka sijakuoa," akasema mwishoni. "Sijakufa."

"Baba Hawa, jitazame."

"Ni watu wamenitupia kitu. Mganga alisema."

"Na mutoto, nani alimutupia? Na maua, inagombana na nani?"

Akacheka kidogo, kicheko kibaya, kisha hasira ile mpya ikampanda usoni. Aliinua mkono. Mkono ukabaki juu, unatetemeka, mpaka yeye mwenyewe akautazama kama wa mtu mwingine. Akaushusha.

"Basi tuchomee mbali," Mounira akasema. "Kule porini. Au waachie wengine, wewe ununue iliyokwisha kuchomwa."

"Porini wataniua siku ya kwanza. Na nikinunua iliyochomwa, nitajuaje wameweka nini ndani? Sina kazi nyingine, Mounira. Mikono hii inajua kazi moja." Kisha akasema, kwa sauti yake ya zamani, "Mupeleke mutoto kwa mama yako. Mimi nitakuja."

Walipanda pikipiki asubuhi, Hawa amefungwa kati ya mama yake na dereva. Barabara ya Kasongo ilikuwa matope. Kwenye vilima vya utelezi walishuka wakatembea, na mtoto hakulia, alilegea tu begani. Okidi Mounira alimwachia Léocadie. Miezi baadaye Léocadie alihamia machimbo mengine, akafuata wateja wake, na habari zake zikakatika. Mounira hajui kama alikwenda nayo.

Kasongo, Hawa alipata nafuu kama mara ya kwanza, ila safari hii ilikwenda polepole zaidi. Viganja vilirudi rangi yake. Alianza kushika ukuta na kutembea. Lakini mguu mmoja aliuburuza, na maneno aliyokuwa nayo zamani hayakurudi yote. Yaliyorudi yalikuja mojamoja, baada ya kutafutwa. Bibi yake alimpakata akasema mtoto atakua. Mounira aliitikia.

Kila aliyetoka Salamabila aliulizwa habari za Iliasi. Wa kwanza alisema hajambo. Mwingine alisema anachoma, lakini sasa kuna kijana anayemshikia mzani. Mwingine aliinamisha kichwa, akasema ni bora waende kumchukua. Hawakuwahi kwenda. Dereva mmoja wa pikipiki, mtu wa dini, alimleta mwenyewe, amemfunga kwa kitenge kwenye mgongo wake kwa sababu Iliasi hakuweza kushikilia. Waliposimama mbele ya nyumba na dereva akafungua fundo, Iliasi alianza kuanguka taratibu kama gunia, na mama mkwe wake, mwanamke mzee, ndiye aliyemdaka.

Uso wake ulikuwa umevimba. Miguu ilivimba, ukibonyeza shimo linabaki. Hospitalini daktari aliwaambia kuwa figo zimechoka, na kwamba sumu iliyoingia mwilini kwa miaka mingi kiasi hicho haitolewi kwa kidonge. Wakamrudisha nyumbani. Mounira alimlisha kwa kijiko. Alimwosha. Alimfunga vifungo vya shati. Kuna siku alikuwa na akili zake zote, na siku hizo zilikuwa mbaya kuliko nyingine, kwa sababu alimtazama Hawa akiburuza mguu uani, akatazama, akatazama, bila kusema neno.

Siku moja tu alisema. Mounira alikuwa anamkata kucha.

"Ulinambia."

"Nyamaza, Baba Hawa. Nitakukata kidole."

"Ulinambia mbele ya baraza. Nakumbuka. Niliona wewe unasema kweli, na nilikuwa nakasirika kwa sababu niliona."

Akaendelea kumkata kucha. Mkono wa mume wake ulikuwa unarukaruka ndani ya mkono wake kama kitu kinachotaka kutoka, akaushika kwa nguvu zaidi mpaka akamaliza.

Alikufa kabla ya mvua kuanza. Watu wa msikiti walikuja, wakamwosha, wakamzika kabla ya adhuhuri. Matangani, chini ya turubai, wanaume walisema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba mali ya dhahabu ina maadui wengi, na kwamba yule mnunuzi mwenzake hakuja hata kutoa pole. Mounira alitoka ndani akiwa kwenye eda, jambo lisilofanywa, akasimama mlangoni.

"Aliuliwa na moshi," akasema. "Musimutafute mutu."

Wakakaa kimya kwa heshima yake. Alipoingia ndani wakaendelea.

Eda ilipokwisha alirudi Salamabila kuchukua vyombo vyake. Ile nyumba ilikuwa imeshapangishwa. Mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana, mjamzito, aliyejitambulisha kwa jina la Pélagie, mke wa mnunuzi mpya aliyetoka Kivu. Alimkaribisha vizuri, akamletea kiti, akasema vyombo vimewekwa pembeni, hakuna aliyevigusa. Mtoto wake wa kiume alikuwa amelala chumba cha kati. Mlango wa mbao ulikuwa umefungwa, na nyuma yake mtu alikuwa anapuliza makaa.

Mounira alimweleza. Alisimulia jani, akasimulia viganja, akasimulia kaburi. Hakulia. Pélagie alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo.

"Mama, pole sana," akasema. "Mume wangu anasema merkiri yetu ni nzuri, si ile ya zamani."

"Ni ile ile."

"Nitamwambia." Akatazama mlango wa mbao, akarudisha macho. "Lakini akikataa?"

"Basi mutoe mutoto mule. Leo. Umulaze hapa mbele, au kwa jirani, au popote. Na wewe pia ulale hapa."

Pélagie aliendelea kukaa. Kupuliza kule nyuma kulisimama, kisha kukaanza tena. Halafu akainuka, kwa uzito, akaingia chumba cha kati, akatoka na mtoto mikononi na mkeka kwapani, akautandika kwenye sakafu ya sebule karibu na mlango wa nje, akamlaza.

"Akiuliza nitasema nini?" akanong'ona.

"Sema kule ndani kuna joto."

Mounira akafunga sufuria zake kwa kamba na kumwita dereva aliyekuwa anamngoja nje. Walipofika chini ya kilima aligeuka mara moja. Mlango wa mbele wa ile nyumba ulikuwa wazi, na mkeka wa mtoto bado umetandikwa palepale.